Goma imeipa chukudu sanamu, sasa iipe na njia

Mgeni anayefika Goma kwa mara ya kwanza hakawii kuonyeshwa Rond-point Tchukudu. Hapo katikati ya barabara imesimama sanamu ya rangi ya dhahabu, mwanaume na chukudu yake. Watu hupiga picha mbele yake kila siku: wanafunzi waliopata diploma, wachumba, wageni wa mashirika, hata wahami waliokuja kumtembelea ndugu mjini. Picha hiyo imefika mbali. Mtoto wa Goma anayeishi Ulaya au Amerika akiiona, anajua ni nyumbani.

Lakini anayebaki pale nusu saa baada ya kupiga picha yake ataona jambo jingine. Atamuona kijana wa nyama na damu akifika na chukudu ya mti iliyojaa magunia. Gari la nyuma linampigia honi. Motari anamkata mbele. Anafokewa kwamba anafunga njia, naye anaivuta chukudu yake hadi ukingoni, kwenye mawe na maji machafu, ili wengine wapite. Chukudu ya dhahabu imepewa katikati ya barabara, na chukudu ya mti imepewa mfereji.

Mji unaoheshimu kazi ya mtu kwenye sanamu unapaswa kuiheshimu pia kwenye barabara. Katika Goma hilo halijatendeka, na wanaolipa gharama ni wale wale kila siku: wenye chukudu, wenye baiskeli, wamama wachuuzi, wanafunzi, na familia za wahami ambazo hazina usafiri mwingine zaidi ya miguu yao.

Mti, mpira na goti

Wako watu wanaoiona chukudu kama aibu, kitu cha zamani kinachoonyesha umaskini wa mji. Hao hawajaitazama vizuri. Chukudu ni akili ya watu wa Kivu. Haina injini, haina pedali, haina mnyororo. Ni ubao mrefu wa mti mgumu, mara nyingi mkaratusi, wenye magurudumu mawili ya mti yaliyozungushiwa mpira wa tairi kuukuu. Mahali pa goti panapigiliwa kipande cha kandambili au mpira ili ngozi isichubuke. Breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa juu ya gurudumu la nyuma. Ikivunjika, fundi wa mtaani anaitengeneza kwa nyundo na msumari. Haingoji kipuri kutoka ng'ambo na haijui kwamba mafuta yamepanda bei.

Tangu miaka ya 1970 chombo hiki kimekuwa kikishuka na mazao kutoka vilima vya kaskazini. Kibumba iko juu, Goma iko chini kando ya ziwa. Kabichi, karoti, viazi, mbao na makala hushuka kwa uzito wake wenyewe, na mwenye chukudu kazi yake ni kuongoza na kufunga breki. Kurudi juu ndiko kwenye jasho. Mzigo mmoja unaweza kuzidi kilo mia tatu. Sehemu ya chakula kinacholiwa Goma, hata kwenye nyumba za wale wanaopiga honi, imepita mgongoni mwa chukudu.

Kuna kazi nyingine ambayo chukudu imefanya bila kupewa hati ya shukrani. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipotema moto, na asubuhi ya tarehe 27 wakaaji wa mitaa kumi walipoamriwa kuondoka, barabara ya Sake ilijaa watu. Wenye magari walikwama kwenye msongamano. Waliosonga mbele walikuwa waenda kwa miguu, na chukudu zilizobeba magodoro, sufuria, mbuzi, wazee wasioweza kutembea. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwenye barabara ya Rutshuru vita viliporudi mwaka 2022, na kwenye barabara ya Masisi baadaye. Familia nyingi zilizofika Kanyaruchinya, Bulengo, Rusayo na Lushagala zilifika na kile tu ambacho chukudu au kichwa cha mama kiliweza kubeba. Na kambi zilipovunjwa Februari 2025, maturubai na mbao zikarudi barabarani kwa njia ile ile.

Kwa hiyo anayesema chukudu ni kitu cha zamani ajiulize: siku ile mbaya, alitegemea nini?

Hesabu ya mhami asubuhi

Wanaopanga barabara huanza na hesabu ya magari. Afadhali waanze na hesabu ya mama mhami.

Mama huyo analala pembezoni mwa mji, kwa jamaa aliyempokea au kwenye kibanda cha kukodi. Kazi anayoweza kuipata iko mbali: kufua nguo Himbi, kubeba mizigo kwenye soko la Virunga, kuuza samaki kutoka Kituku, kusaga udongo na mawe kwenye chantie. Toka upande wa Bulengo hadi katikati ya mji ni karibu kilomita kumi. Kwa pikipiki ni safari fupi. Kwa miguu ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na hapo hana mzigo wala mtoto mgongoni.

Akipanda pikipiki kwenda na kurudi, nauli inaweza kula nusu ya alichopata au zaidi. Akitembea, anafika amechelewa na kazi imeshachukuliwa na mwingine. Akikaa nyumbani, watoto wanalala njaa. Hiyo ndiyo hesabu ya kila asubuhi, na hakuna anayeiandika kwenye ripoti. Watu huhesabu magunia ya unga yaliyogawiwa na mahema yaliyosimamishwa. Mara chache mtu anahesabu kilomita.

Ndiyo sababu usafiri wa mji si jambo la starehe wala la wenye magari. Kwa mhami, barabara ndiyo shamba lake jipya. Shamba la kweli aliliacha Masisi au Rutshuru. Sasa analima kwa miguu, kwenye lami na kwenye mawe ya volkano, na mavuno yake yanategemea kama njia inapitika.

Anayetembea Goma anatembea wapi? Kwenye barabara kuu nyingi, lami ni ya magari na pikipiki, na pembeni ni mfereji ulio wazi, rundo la mchanga, meza za wachuuzi, gari lililoegeshwa. Mvua ikinyesha, maji yanachukua sehemu iliyobaki. Mama mwenye bidoni ya maji kichwani analazimika kushuka kwenye lami, na hapo motari anampita karibu kiasi cha kugusa kitenge chake. Mtoto wa shule naye anapita hapo hapo. Anapogongwa, maneno ni yale yale: alikuwa katikati ya barabara. Lakini pembeni hakukuwa na mahali pa kukanyaga.

Motari si adui

Ni rahisi kumaliza mazungumzo haya kwa kuwalaumu wamotari. Watu wengi hufanya hivyo, na sababu wanazo. Kuna wanaobeba watu watatu. Kuna wanaokimbia kama wanafukuzwa. Kuna wasiokuwa na kofia ya kinga hata moja, yao wala ya abiria. Hospitali za mji zinaijua mifupa iliyovunjwa na pikipiki.

Lakini motari ni nani? Mara nyingi ni kijana aliyemaliza shule na kukosa kazi, au aliyekimbia kijiji na kukuta pikipiki ndiyo mlango pekee uliobaki wazi. Wengi hawamiliki pikipiki wanayoendesha. Kila jioni wanampa mwenyewe kiasi walichopatana, hata kama siku ilikuwa mbaya, hata kama barieri zilikuwa nyingi na kila moja ilitaka matabishi yake. Kijana anayedaiwa fedha jioni hawezi kwenda pole. Ukitaka apunguze mwendo, angalia kwanza mkataba wake, kisha mkono wake kwenye gesi.

Na usiku wa manane mama anaposhikwa na uchungu wa kuzaa mahali gari la wagonjwa halifiki, anayegongewa mlango ni motari. Goma inamhitaji. Kinachokosekana ni utaratibu. Kila mara usalama unapozorota, amri ya kwanza huwagusa wenye pikipiki: wasipite hapa, wasitembee baada ya saa fulani, wavae jile, walipe karatasi. Wakubwa wanabadilika, amri zinafanana. Lakini mara ngapi mji umewapa vituo vinavyojulikana, vyenye kivuli na choo? Mara ngapi bei kutoka mtaa mmoja hadi mwingine imebandikwa wazi ili mhami asidanganywe kwa sababu lafudhi yake si ya mjini? Kumpa mtu amri bila kumpa mahali ni kumtafutia kosa.

Somo kutoka Kisangani

Goma si mji wa kwanza wa Kongo kubebwa na magurudumu ya maskini. Kisangani walikuwa na toleka. Neno hilo ni la Lingala, maana yake tupite. Toleka ni baiskeli ya abiria, yenye kiti cha sponji nyuma. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 mto ulipokatwa na mstari wa mapigano na mafuta yakawa haba, ni baiskeli zilizobeba watu wa Kisangani kazini na sokoni, na ni baiskeli zilizoingiza chakula kutoka vijijini. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji huo. Baada ya mabomu, kitu cha kwanza kurudi barabarani hakikuwa basi.

Kisha amani kidogo ikarudi, pikipiki zikaingia kwa wingi, na wateja wa toleka wakapungua. Hakuna ubaya mtu kuchagua pikipiki. Ina mwendo na haimchoshi dereva. Ubaya ni kwamba mji uliookolewa na baiskeli haukuitengenezea baiskeli njia yake. Leo mwanafunzi wa Kisangani au wa Goma anayetaka kwenda chuo kwa baiskeli anashindana na lori. Mzazi wake anamkataza, na mzazi ana haki. Hivyo chombo cha bei ndogo kuliko vyote, ambacho hakili mafuta na hakitoi moshi, kinaachwa kwa sababu barabara inaua.

Kinshasa nayo ilipata mabasi makubwa ya Transco mwaka 2013, na wakaaji wake wanajua tofauti ya kulipa nauli ndogo inayojulikana na kubishana na mwenye taksi kila asubuhi. Lakini anayengojea mabasi ya aina hiyo yaje kumaliza shida ya Goma atangoja sana. Mji huu una vita, una volkano, na fedha yake haitoshi. Ndiyo maana unapaswa kuanza na kile ambacho tayari kipo: miguu, chukudu, baiskeli na pikipiki. Mwenye kuku mmoja halali akiota ng'ombe huku kuku akinyeshewa nje.

Picha zinazosafiri na picha zinazobaki

Kuna jambo jingine linaloambatana na barabara, nalo ni picha. Mji ambao hauonekani vizuri haupangwi vizuri.

Picha za Goma zinazosafiri duniani ni za aina tatu au nne: moto juu ya Nyiragongo, wenye silaha juu ya gari, mahema meupe juu ya mawe meusi, mtoto anayelia kwenye foleni ya maji. Si za uongo. Mambo hayo yapo. Lakini mji wenye zaidi ya watu milioni moja hauishi ndani ya picha nne. Asubuhi ya saa kumi na mbili, chukudu zikishuka kwenye ukungu, wanafunzi wenye mashati meupe wakiruka madimbwi, wamotari wakipanga mstari Signers, mitumbwi ikifika Kituku: hiyo nayo ni Goma, na ndiyo Goma ya kila siku. Ikiwa haipigwi picha, anayeamua mambo akiwa mbali ataona mji wa kuhurumiwa tu. Hataona mji unaofanya kazi na unaohitaji njia ya kufanyia kazi.

Wapiga picha wa hapa wameanza kurekebisha hilo. Pamela Tulizo, mzaliwa wa Goma, alishinda tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana mwaka 2020 kwa picha za wanawake wa mji wake, akionyesha jinsi dunia inavyowaona na jinsi wao wanavyojiona. Kwa upande wa kusini, Sammy Baloji wa Lubumbashi alichukua picha za zamani za wachimba migodi na kuziweka juu ya picha za viwanda vilivyoharibika, ili anayeangalia akumbuke mgongo wa nani ulijenga utajiri ule. Na Kinshasa ya miaka ya 1950 na 1960 inajulikana leo kwa sehemu kubwa kwa sababu Jean Depara alitembea usiku na kamera yake kwenye mabaa na barabara.

Goma inahitaji kumbukumbu ya namna hiyo kuliko miji mingi, kwa sababu hapa barabara yenyewe inaweza kutoweka. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani. Nyumba, maduka na sehemu ya uwanja wa ndege vilifunikwa. Vijana waliozaliwa baada ya hapo wanatembea kila siku juu ya mitaa ya wazazi wao bila kujua. Albamu za familia ziliungua pamoja na nyumba. Yule aliyekuwa na picha moja ya kona ya mtaa wake, imepigwa siku ya ubatizo au ya ndoa, ana kitu ambacho fedha hainunui.

Kwa familia za wahami jambo hili linagusa hata haki. Aliyekimbia akiwa na simu yenye picha ya nyumba yake, ya parseli yake, ya mti ulio mpakani na jirani, ana msaada kidogo siku ya kurudi na kukuta mtu mwingine ameingia. Picha haichukui nafasi ya karatasi ya ardhi wala ya mashahidi. Lakini kwenye meza ya shefu wa kijiji, picha yenye tarehe ni bora kuliko mikono mitupu. Inafaa kila familia itunze picha hizo na kumtumia ndugu aliye mahali pengine, kwa sababu simu huibiwa na huanguka majini.

Kamera yenye adabu

Hata hivyo kamera inaweza pia kunyang'anya. Wahami wanalijua jambo hili zaidi ya mtu yeyote. Mara ngapi gari limesimama, mtu akashuka, akapiga picha ya mama anayenyonyesha mbele ya kibanda, akapanda gari, akaenda? Hakuuliza jina, hakueleza picha inaenda wapi, hakurudi. Mwaka mmoja baadaye uso wa mama huyo uko kwenye karatasi ya kuomba misaada katika nchi ambayo hataiona. Huenda picha ilileta unga. Huenda haikuleta kitu. Katika hali zote mbili hakuulizwa.

Wenye simu wa hapa nao wasijitoe. Siku ya ajali ya pikipiki, wako wanaopiga picha ya aliyeumia kabla ya kumuinua. Picha inafika kwenye vikundi vya WhatsApp kabla ya habari kumfikia mama mzazi. Hiyo si habari wala ushahidi. Ni kumvua mtu nguo mara ya pili.

Adabu ya kamera si ngumu. Muulize mtu. Mweleze picha ni ya nini. Akikataa, shusha simu na msalimie vile vile. Uso wa mtoto, uso wa aliyebakwa, na mahali anapojificha aliyekimbia wenye silaha, visionyeshwe. Na mwenye picha nzuri ya mtu amrudishie nakala yake, hata kwa simu, kwa sababu uso ni wake. Na kuhusu askari, mpaka na uwanja wa ndege, kila mkaaji wa Goma anajua hatari yake. Hakuna picha ya barabara inayostahili maisha ya mtu.

Lakini shimo la barabara halina jeshi. Mfereji uliofunikwa na takataka hauna siri ya taifa. Daraja lililopasuka, taa isiyowaka, kona ambayo watoto hugongwa mara kwa mara: hizo ni picha ambazo mji unazihitaji. Mtaa mmoja ukipiga picha ya shimo lile lile kila mwezi, ukaandika tarehe, ukampelekea shefu wa mtaa na redio ya hapa, hakuna mkubwa atakayesema hakuambiwa. Maneno hukanushwa. Shimo linaloongezeka upana kwenye picha sita ni vigumu kulikanusha.

Wanaosema haiwezekani

Wako wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema barabara ni nyembamba. Wanasema chukudu inachelewesha magari na breki yake si ya kutegemewa kwenye mteremko. Wanasema mji uliofungiwa benki na uwanja wa ndege hauwezi kuzungumzia njia za baiskeli.

Kuhusu breki wana haki. Chukudu iliyobeba kilo mia nne kwenye mteremko ni hatari kwa anayeiongoza na kwa aliye mbele yake. Lakini hiyo ni sababu ya kuitenga na magari, siyo sababu ya kuiacha katikati yake. Kuhusu wembamba, mara nyingi lami inatosha; kinachoila ni magari yaliyoegeshwa na malori yanayopakua saa yoyote. Na kuhusu fedha, vitu vinavyoombwa hapa havihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Cha kwanza ni ukingo. Kwenye barabara kuu za kuingia mjini, ile ya Rutshuru na ile ya Sake, mstari wa mawe ya volkano ungeweza kutenga njia ya miguu, chukudu na baiskeli. Mawe hayo yamejaa kila mahali, mji umejengwa juu yake, na vijana wa kuyapanga wapo, wakiwemo wahami wanaotafuta kazi ya siku.

Cha pili ni mifuniko ya mifereji. Mfereji uliofunikwa ni njia ya waenda kwa miguu bila kuchukua hata sentimita ya lami.

Cha tatu ni saa. Malori makubwa yapakue mapema au jioni, siyo saa ambayo watoto wanaenda shule.

Cha nne ni mahali. Kila soko kubwa liwe na sehemu ya chukudu na baiskeli kusimama, na kila kituo cha wamotari kiwe na ubao wa bei unaosomeka.

Cha tano ni mazungumzo. Wanaopanga barabara waketi na wenye chukudu, wamotari, wamama wachuuzi na wawakilishi wa wahami. Watu hao wanajua kila shimo kwa jina. Mpaka sasa wengi wao huitwa siku ya kutozwa, siyo siku ya kupanga.

Hakuna hata moja kati ya hayo litakalomaliza vita. Lakini vita visiwe blanketi la kufunika kila uzembe. Volkano ilipofunika mji mwaka 2002, wakaaji walipita juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto wakijenga upya, bila kungoja amani kamili. Watu wa namna hiyo hawashindwi kupanga mstari wa mawe pembeni mwa barabara.

Sanamu ya Rond-point Tchukudu itaendelea kupigwa picha, na inastahili. Ila anayeipiga picha kesho ageuze kamera kidogo. Nyuma ya sanamu atamuona mwenye chukudu aliyeondoka Kibumba kabla ya jua, goti lake limechakaa, akingoja nafasi ya kupita na viazi ambavyo mji utavila mchana. Amuulize kwanza kama anakubali kupigwa picha. Kisha ampishe.